Jimu za Uani: Kutoka Berlin ya 1811 Mpaka Vyuma vya Kagondo

Mwaka 2020, Corona ilipofunga nusu ya dunia, Ulaya na Marekani kulitokea kioja. Jimu zilipigwa kufuli, watu wakabaki nyumbani na miili yao, na ndani ya wiki chache dambeli zikaadimika madukani kama sukari ya mgao. Waliokuwa nazo wakaziuza kwa bei ya kuruka. Waliokosa wakaanza kuhangaika: huyu kajaza mchanga kwenye begi la mgongoni, yule ananyanyua madumu ya maji, mwingine kakoroga zege nyuma ya nyumba na kulimimina kwenye kopo. YouTube ikajaa video za kufundisha watu kutengeneza vyuma vyao wenyewe, na waliozirekodi wakaonekana wagunduzi.

Kijana wa Kagondo akiziona video hizo anacheka tu. Zege kwenye kopo? Hiyo si ndo jimu yenyewe?

Kagera ina Kagondo mbili. Kuna kata ya Kagondo ndani ya Manispaa ya Bukoba, na kuna ya Muleba, ile yenye hospitali. Kote huko, kama ilivyo Kashai, Kemondo, Mbagala au Mabatini kule Mwanza, mtu anayetaka kifua hajawahi kusubiri mwekezaji aje afungue ukumbi wenye viyoyozi. Anatafuta nguzo mbili za mkaratusi na bomba la maji lililobaki kwenye ujenzi. Makopo mawili ya rangi yanajazwa zege na kuchomekwa kwenye ncha za chuma. Benchi inapigiliwa kwa mbao za kupaulia. Tyubu ya baiskeli inakatwa vipande na kufungwa kwenye mti. Yote hayo pembeni ya migomba, na mbuzi wa jirani akitazama.

Watu wanaiita jimu ya kishamba. Wengine, jimu ya wahuni. Dhana iliyo nyuma ya maneno hayo ni kwamba jimu ya kweli ni ile ya mjini yenye vioo ukuta mzima, na hii ya uani ni nakala yake ya kimaskini. Historia inasema kinyume. Ya uani ndiyo ya kwanza. Ile yenye vioo ndiyo nakala.

Anzia Ugiriki, haraka haraka. Pale Olympia lilipatikana jiwe la kilo 143 na ushee, la zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Limechongwa maneno yanayodai kwamba bwana mmoja aitwaye Bybon alilirusha juu ya kichwa chake kwa mkono mmoja. Mkono mmoja, kilo 143! Mitandao haikuwepo lakini kujisifu kulikuwepo. Ila tazama kitu kimoja: jina la mnyanyuaji tunalo mpaka leo. Jina la aliyelitafuta jiwe, akalichonga na kulifanyia pa kushika, halipo. Huo ndo mchezo wa historia nzima ya mambo haya. Anayetunisha anakumbukwa, aliyetengeneza anasahaulika.

Sasa Berlin. Mwaka 1806 Napoleon aliwapiga watu wa Prussia kipigo cha mbwa mwizi, na jeshi la Ufaransa likaingia mpaka mjini. Miaka mitano baadaye mwalimu mmoja, Friedrich Ludwig Jahn, akawa anawatoa vijana nje ya mji, kwenye eneo la miti liitwalo Hasenheide. Mwaka 1811 akafungua pale uwanja wa mazoezi. Lengo halikuwa siksipaki. Alitaka vijana wenye mikono na migongo ya kuja kumfukuza Mfaransa.

Na vifaa? Vyote vya mbao, na vyote nje. Gogo la kupita juu yake bila kuanguka. Ngazi za kupanda. Kamba. Mti uliolazwa juu ya nguzo mbili kwa ajili ya kuning'inia na kujivuta. Na fito mbili sambamba za kujisimamisha katikati kwa mikono, yaani babu wa kile kifaa ambacho leo vijana wanapigia dipsi. Ukitoa baridi na lugha, Hasenheide ya 1811 ilikuwa Kagondo tupu: uwanja wa wazi, miti ya jirani, nguzo zilizofukiwa ardhini. Jahn kapewa sifa zote, sanamu kajengewa, vitabu vinamwita baba wa jimnastiki. Seremala aliyepiga randa zile fito ili zisichome viganja vya watoto wa watu hana hata mstari mmoja.

Kilichofuata kinachekesha na kuudhi kwa pamoja. Wakubwa waliona kundi la vijana wenye nguvu, wenye siasa, wanaokutana nje ya mji, wakaingiwa na hofu. Jahn akakamatwa 1819. Mwaka uliofuata mazoezi yale yakapigwa marufuku Prussia, na marufuku haikuondolewa mpaka 1842. Katika kipindi hicho waliotaka kuendelea walijibana ndani, kwenye kumbi. Kwa hiyo jimu kuingia ndani ya jengo hakukutokana na jengo kuwa bora kuliko uwanja. Serikali ilikuwa na wasiwasi na vijana. Wanaoziita jimu za mtaani vijiwe vya wahuni wanaendeleza woga wa miaka 200 bila kujua.

Baada ya hapo ndo pesa ikaingia. Kuna Mjerumani mmoja alizaliwa 1867, jina lake Friedrich Wilhelm Müller, akajiita Eugen Sandow. Jamaa alikuwa na mwili hatari, na akili ya biashara kuliko mwili. Tarehe 14 Septemba 1901 aliandaa London, ndani ya Royal Albert Hall, shindano kubwa la kutunisha misuli, na mmoja wa waamuzi alikuwa Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes. Sandow aliuza vitabu, jarida, dambeli, na vifaa vya kuvuta vya mpira na springi ambavyo mtu alifunga mlangoni kwake. Alifanikiwa kiasi kwamba mpaka leo kwa Kifaransa kamba ya kunyumbuka, ile ya kufungia mzigo kwenye pikipiki, inaitwa "sandow".

Hebu rudi kwenye ile tyubu ya Kagondo. Bodaboda anayefunga mkungu wa ndizi kwa ukanda wa tyubu, na jioni anaufunga ukanda uleule kwenye mparachichi avute mikono mara hamsini, ana mkononi kitu kilichomtajirisha mtu London. Tofauti ni kwamba yeye hakulipa.

Wajerumani walifika Bukoba mwaka 1890, Emin Pasha alipoanzisha kituo pale kando ya ziwa, miaka 79 baada ya Hasenheide. Na hapa ndipo wengi wanapokosea wakidhani chuma kilikuja na meli. Wajerumani walikuta nchi inayoyeyusha chuma chake yenyewe.

Ukitoka Bukoba kwenda Muleba unapita Kemondo. Ardhini pale wataalamu wa mambo ya kale walifukua mabaki ya matanuri ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Wahaya walikuwa mafundi chuma kabla ya Nshomile kuwa jina la utani. Kazi hiyo iliendelea kizazi kwa kizazi mpaka majembe na vyuma vya bei rahisi kutoka Ulaya vilipojaa sokoni mwanzoni mwa karne ya 20, na matanuri yakazimika moja baada ya jingine. Soko liliua kile ambacho vita haikuua.

Miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani, Peter Schmidt, aliwaendea wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma ujanani mwao. Ilikuwa imepita miaka hamsini na zaidi tangu wengi wao waifanye kazi hiyo. Akawaomba wajenge tena tanuri. Majaribio ya kwanza yaligoma. Wazee wakakaa, wakabishana, wakakumbushana, wakajaribu tena, na mwisho chuma kikatoka.

Ukisoma namna walivyofanya unaelewa kwa nini jambo hili lipo kwenye makala ya mazoezi. Walichimba shimo wakalisiriba kwa udongo wa kichuguu. Wakachomea humo matete ya bondeni mpaka yakawa mkaa, yakajaa shimoni. Juu wakainua ukuta wa tanuri kwa mavi ya chuma yaliyobaki tangu enzi za zamani na udongo. Wakaingiza mabomba ya udongo, na nyuma ya mabomba wakaweka mivukuto ya ngozi. Halafu kazi ikaanza: kupampu. Juu chini, juu chini, kwa mikono miwili, saa kwa saa, kwa kupokezana, maana moto ukishuka mmepoteza mawe, mkaa na siku nzima. Mwenye kudhani anajua maana ya seti na mapumziko, ajaribu mvukuto. Hakukuwa na neno mazoezi kwa sababu hakukuwa na mtu asiyefanya kazi ya namna hiyo: chuma, kukanyaga ndizi za rubisi kwa miguu, kupiga kasia ziwani, kubeba maji na mikungu kichwani. Na hiyo ya mwisho, kwa kiasi kikubwa, ilikuwa na bado ni kazi ya akina mama, ambao hakuna anayewapiga picha na kuwaita wanamazoezi.

Ripoti ya wazee wale ilichapishwa Marekani kwenye jarida la Science, Septemba 1978. Wataalamu mpaka leo wanabishana kuhusu ufundi wa kupasha hewa moto kabla haijaingia tanurini. Wazee wenyewe, kwa wasomaji wengi, wamebaki "wazee wa Kihaya". Vilevile kama seremala wa Berlin.

Mwezi mmoja baada ya jarida hilo kutoka, Oktoba 1978, jeshi la Idi Amin likavuka mpaka na kuikalia sehemu ya Kagera iliyo kaskazini ya mto, na daraja la Kyaka likavunjwa. Amin mwenyewe alikuwa bondia, bingwa wa Uganda kwa miaka mingi ya 1950, mtu wa miraba minne. Waliokwenda kumtoa hawakupikwa na dambeli. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa 1963, na mgambo waliojaa kipindi kile walijengwa kwa mchakamchaka wa alfajiri, kuruka kichura, pushapu kwenye vumbi na kubeba magogo mabegani. Kampala ilianguka Aprili 1979. Shule za msingi za Tanzania ziliendelea na mchakamchaka miaka mingi baadaye, na kuna watu wazima leo ambao mwili wao wa kwanza ulijengwa pale, mtoto pekupeku anakimbia kabla ya uji.

Miaka ya 2000 ikielekea ukingoni, vijana wa mitaa ya New York walianza kurekodi tizi zao kwenye vyuma vya viwanja vya kuchezea watoto. Hawana jimu, hawana kocha, wanajirusha juu ya bomba kama nyani. Video zikasambaa. Mwaka 2011 mji wa Riga, Latvia, ukawa na shindano la kwanza la dunia la mazoezi ya namna hiyo, na shirikisho lake likaanza hukohuko. Simu janja zikaileta habari mpaka Kagera. Kijana anatazama mtu wa Ulaya mashariki akijivuta kwenye bomba nje ya ghorofa, anageuka, anaangalia bomba lake chini ya migomba. Ni bomba lilelile. Mzunguko wa miaka 200 umefunga: kutoka uwanjani, kuingia ukumbini, kurudi uwanjani.

Na ni lilelile kwelikweli, kwa vipimo. Chuma cha jimnastiki cha mashindano kina unene wa milimita 28. Bomba la maji la robo tatu inchi, lile la chuma linalouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, kwa nje lina karibu milimita 27. Ndiyo maana linakaa mkononi vizuri hivyo. Lakini hapo hapo ndipo pa kuwa makini. Chuma cha mashindano ni cha pua maalumu ya kunyumbuka. Bomba lilitengenezwa kubeba maji, halikutengenezwa kubeba mtu. Likilazwa umbali mrefu linapinda, likipinda mara nyingi linachoka, na likichoka haliagi. Mafundi wenye busara wanafupisha umbali wa nguzo mpaka kama mita moja na robo, na wanapanda kwenye bomba la inchi moja lenye ukuta mnene, hata kama kiganja kitalalamika kidogo.

Kuna hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Mtu wa kilo 70 akining'inia ametulia, bomba linabeba kilo 70. Akijirusha mpaka mwili ukawa usawa na bomba halafu akaachia mwili ushuke kama bembea, anapopita chini kabisa bomba linavutwa kana kwamba limebeba watu watatu, yaani 210. Basi wale wanaosema "mbona jana lilimbeba" wakumbuke jana alikuwa ametulia.

Nguzo nazo zina adui wake. Udongo wa kichuguu uliosiriba matanuri ya wazee umejengwa na mchwa haohao wanaokula mkaratusi kutoka chini, kimya kimya, juu panaonekana pazima. Bukoba inapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, unyevu haukauki, na nguzo iliyochomekwa mbichi inaoza shingo pale inapokutana na ardhi. Wanaojua wanaisubiri ikauke, wanamenya gamba, wanapaka oili chafu ya injini sehemu inayofukiwa, na kuchimba futi mbili na nusu mpaka tatu. Mvua hiyohiyo inakula viungo vya kuchomelea, kwa hiyo rangi ya kuzuia kutu si urembo.

Zege ndilo lenye uongo mwingi. Mtu anajaza ndoo ya lita 20 na kusema "hii ni ishirini". Siyo. Lita moja ya zege ina uzito wa karibu kilo 2.4. Ndoo ile ni kilo 48, na mbili ni 96, juu ya kifua cha kijana wa kidato cha pili aliyeambiwa ni arobaini jumla. Kopo la rangi la lita nne ndilo linalokaribia kilo kumi, na ndiyo sababu makopo hayo yanapendwa. Dumu la lita tano la maji halina ujanja, ni kilo tano, na ukitaka kupunguza unamwaga. Kwa anayeanza, hakuna chuma kizuri kuliko dumu.

Halafu uchanganyaji. Saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu, maji kidogo, nondo nyembamba au waya ndani, kisha kulimwagilia wiki nzima kabla halijaguswa; nguvu yake kamili inasubiri siku 28. Vijana wanasubiri siku mbili. Watu wa Bukoba hawahitaji kufundishwa zege bovu linafanya nini. Wanaikumbuka Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9, na kuta zilizokuwa zimebanwa kwa mchanga mtupu. Kopo la zege bovu halibomoi nyumba, lakini likipasuka juu ya uso wa mtu aliyelala kwenye benchi halina tofauti na ukuta.

Kwa hiyo anayestahili heshima kwenye jimu ya uani ni yule jamaa wa kuchomelea, zaidi ya mwenye kifua kwenye picha. Mara nyingi hata hapigi tizi. Ana karakana ya bati kando ya barabara, anatengeneza madirisha na mageti, na jioni analetewa vipande vya bomba na mtoto wa jirani mwenye elfu mbili mkononi. Anaweza kuchomelea juu juu ili mtu aondoke. Anaweza pia kukata kipande cha chuma cha pembe, akakiweka chini ya kiungo kama kiwiko, akazungusha moto pande zote, akasugua ncha zisikate viganja. Kazi ya pili inakula vijiti viwili zaidi vya kuchomelea na haiongezi hata shilingi. Hakuna video yake. Jina lake halichorwi kwenye nguzo, ingawa majina ya wanaojivuta mara ishirini yamejaa pale kwa chaki.

Kwenye jimu zinazojiheshimu kuna utaratibu baada ya kuchomelea. Chuma kipya hakipandwi siku hiyo. Kinasubiri kipoe, kinapakwa rangi, na kesho yake yanatundikwa madumu ya lita 20 yaliyojaa maji, kumi na moja, bega kwa bega, kamba kwa kamba, ambayo ni kilo 220. Yanaachwa yaning'inie usiku kucha. Asubuhi fundi anapita akielekea karakanani, anayashusha moja moja, anapitisha kidole kwenye kila kiungo kutafuta ufa, anachungulia bomba kutokea ubavuni kama limebonyea katikati. Likiwa limenyooka, anaondoka zake. Madumu yanarudi kwa wenyewe, maana akina mama wanayahitaji kisimani.